Maswali Yenu: Shilingi moja ikiondoka, nani atabeba hasara?

*Assalaam aleikum. Nina duka dogo Langoni, Lamu, na asubuhi naweka meza ya mahamri na mbaazi nje. Shilingi moja moja zimekuwa adimu, nawapa watu peremende badala ya chenji na baadhi yao wanakasirika. Je, zikiondolewa kabisa nitafanyaje hesabu bila kudhulumu wala kudhulumiwa?*

Waaleikum salaam, ndugu yetu. Jambo la kwanza: shilingi moja bado ni pesa halali. Imo katika sarafu zilizozinduliwa Desemba 2018, ile yenye twiga, pamoja na tano ya kifaru, kumi ya simba na ishirini ya tembo. Mteja akikuletea, ipokee. Zilizotoweka mikononi ni senti. Thumuni siku hizi utaiona kwenye kopo la bibi tu.

Peremende iache kabisa. Mteja hakuja kuinunua, na kesho akikuletea ileile umkatie shilingi, utaikataa. Wana haki ya kukasirika.

Serikali huondoa sarafu ndogo kwa sababu mbili. Gharama ya kuifua huipita thamani yake: Marekani ilifua senti yake ya mwisho Novemba 2025 huko Philadelphia, wakati kila moja ilikuwa ikigharimu zaidi ya senti tatu na nusu. Pili, sarafu hizo hazirudi. Hutoka benki, hufika dukani, huingia chupani nyumbani na kulala humo, kwa hiyo kila mwaka lazima zifuliwe nyingine.

Sasa hesabu yako. Ikiwa sarafu ndogo kabisa itakuwa ya tano, jumla inayoishia na 1 au 2 hushuka hadi sufuri, 3 au 4 hupanda hadi tano, 6 au 7 hushuka hadi tano, 8 au 9 hupanda hadi kumi. La kushika hapa ni hili: jumlisha bidhaa zote kwanza, kisha sogeza jumla hadi tano iliyo karibu mara moja tu, mwishoni. Tuseme mteja amechukua sukari ya 163, majani ya chai ya 48 na chumvi ya 33. Jumla ni 244, atalipa 245. Lakini ukisogeza kila bidhaa peke yake utapata 165, 50 na 35, yaani 250. Umemtoza shilingi sita zaidi ya deni lake, na hakuna hata bei moja uliyoibandika kwa uongo. Hapo ndipo dhuluma inapoingia, mara nyingi bila muuzaji kujua.

Na kusogeza ni kwa pesa taslimu pekee. Anayelipa kwa simu alipe 244 kamili. Kanada ilipoacha kusambaza senti zake Februari 2013 ilifuata njia hii: taslimu husogezwa hadi senti tano iliyo karibu, kadi hukatwa kiasi kilekile. Marekani ilisimamisha kufua kabla ya kuwa na sheria moja ya nchi nzima ya kusogeza, na maduka yakabaki kila moja na utaratibu wake. Huo ndio mkanganyiko tusioutaka hapa.

Watu husema mwisho wa yote faida na hasara hulingana. Kwenye karatasi ni kweli: 1 na 2 hukupunguzia shilingi tatu, 3 na 4 hukuongezea tatu. Lakini bei hazipangwi kwa bahati nasibu. Mwenye duka akibandika 18, 23 na 48, kila anayenunua kitu kimoja atalipa shilingi mbili za juu. Anayenunua kitu kimoja kimoja ni nani? Ni yule wa kibaba cha leo, anayerudi jioni kwa mafuta ya kipimo. Mwenye kununua kapu zima husogezewa mara moja. Huyu wa kibaba husogezewa mara tano kwa siku. Kwa hivyo vitu vya reja reja vipange kwa tano tangu mwanzo. Gharama ikipanda, punguza kipimo waziwazi mbele ya mteja, usicheze na tarakimu ya mwisho.

Kwa meza ya mahamri, anza asubuhi na sarafu 20 za tano, 20 za kumi, 10 za ishirini na noti 10 za hamsini: jumla shilingi 1,000. Kwa bei za tano tano, chenji yoyote iliyo chini ya hamsini haizidi sarafu tatu (45 ni ishirini mbili na tano moja). Zinazoisha mapema ni za tano, hizo ndizo uombe zaidi benki. Chenji usiiweke kwenye kopo la bati. Shilingi moja nyingi ni chuma kilichopakwa nikeli, na hewa yetu ya chumvi huila palipochubuka. Kisanduku cha mbao au plastiki, na kitambaa kikavu, vinatosha.

*Mimi ni mchuuzi wa samaki Malindi. Vijana wangu wanasema pesa mkononi zimepitwa na wakati, nipokee kwa simu tu. Ni kweli?*

Dada yetu, angalia makato kabla ya kuamua. Kwa viwango vya M-Pesa vya Julai 2023, kutuma shilingi 300 humkata mtumaji 7, na wewe ukienda kuzitoa kwa wakala hukatwa 29. Hiyo ni karibu shilingi kumi katika kila mia, imeondoka kwenye samaki wako. Makato hayohayo ya 29 yanahusu kutoa chochote kuanzia 101 hadi 2,500. Ukitoa 500 mara tano umelipa 145. Ukitoa 2,500 mara moja umelipa 29. Kwa hiyo pesa ikishaingia kwenye simu iache ikusanyike, au walipe wavuvi na muuza barafu kwa simu hiyohiyo.

Kwa samaki wa shilingi 50 au 80, taslimu ina nguvu zake: haihitaji mtandao, haizimi chaji, na mvuvi akishuka ufukweni alfajiri anaondoka na haki yake papo hapo. Ubaya wake ni wizi na kutobaki na kumbukumbu. Ubaya huo una dawa: andika mauzo daftarini kila jioni, na kiasi kikubwa usilale nacho. Hatukushauri ukatae upande wowote.

*Nina kopo la ndururu zenye tundu na shilingi za mfalme, hapa Shela. Zina thamani?*

Mzee wetu, dukani hazina. Shilingi ya Kenya ilianza 1966 na zile za Afrika Mashariki zikaondolewa. Lakini shilingi za mfalme za kabla ya 1948 zina robo ya fedha halisi ndani yake, hivyo zitenge na nyingine. Usizisugue kwa ndimu wala majivu: mnunuzi wa sarafu kongwe huishusha bei sarafu iliyong'arishwa.