"Asali ya mwambani" ya Wayoruba siyo "mvumilivu hula mbivu"

Mkuu, umeuliza kama methali ya Kiyoruba "Ẹni tó máa jẹ oyin inú àpáta kì í wo ẹnu àáké" ni mvumilivu hula mbivu yetu tu. Nakataa. Inasema: atakayekula asali iliyo ndani ya mwamba hatazami mdomo wa shoka (makali ya shoka wao huyaita mdomo). Yaani litabutuka, na usilionee huruma. Embe linaiva lenyewe mtini, wewe kazi yako kuzuia mkono. Asali ya mwambani ukiisubiri itakukuta mzee. Ndugu yake kwetu ni mtaka cha mvunguni.

Mimi niliisikia Abeokuta, kusini-magharibi mwa Nigeria, mji ambao jina lake maana yake ni "chini ya mwamba". Nilikuwa najifunza kutia vitambaa nili, ile rangi ya buluu, kwa mama mmoja: adire ya eleko, yaani kitambaa kinachochorwa kwa uji kabla ya kutiwa rangi. Unapika uji mzito wa muhogo wenye shabu na mrututu, unachora nao kwa unyoya wa kuku. Palipo na uji rangi haiingii. Ukikausha, unachovya. Kitambaa kinatoka mtunguni na ukijani wa majani machanga, kikipigwa na hewa kinageuka buluu unakiona. Unaanika, unachovya tena, na tena. Buluu ya kukolea haipatikani kwa kuchovya mara moja.

Mimi nikajifanya mjanja. Uji haujakauka vizuri nikazamisha, tena nikakiacha humo muda mrefu ili nimalize mapema. Ndege wote niliowachora wakayeyuka, kikabaki kitu kama ramani ya mafuriko. Hapo mama hakutaja asali. Alisema "Ohun tí a bá fẹ̀sọ̀ mú kì í bàjẹ́", kinachoshikwa taratibu hakiharibiki.

Ya asali ilikuja baadaye, nilipoanza kulalamika kwamba mikono imekuwa ya buluu, haitoki kwa sabuni, na ile harufu ya mtungi naenda kulala nayo. Akanyoosha vidole vyake, kucha nyeusi tii kwa nili, ndipo akaisema, akaendelea kuchuja majivu ya mtungi wa nili.

Kwa hiyo Wayoruba wana methali ya kumtuliza mwenye pupa na nyingine ya kumsukuma mwenye kujihurumia, nami nilistahili zote mbili.

Kitambaa cha pili ninacho mpaka leo. Ndege mmoja ana miguu mitatu.