Unaanza kufuatilia neuroni, yaani seli za neva, kwa kuzitia rangi? Rangi ya mng'ao iwe swali la mwisho

Wengi wanaoingia maabara hufungua orodha ya rangi na kuuliza ipi inang'aa kijani, ipi nyekundu. Anza kwingine: seli zako ziko hai, au zimeshahifadhiwa kwa formaldehidi? Na tishu itapitishwa kwenye nini baada ya kutiwa rangi?

Chukua rangi iitwayo DiI. Inapenda mafuta, hivyo huzama kwenye utando wa seli na kutambaa humohumo hadi ncha za akzoni, nyuzi ndefu za neuroni. Kwa kuwa haihitaji seli iisafirishe, inafaa hata kwa ubongo uliohifadhiwa zamani. Ila subira inahitajika: kwenye tishu iliyohifadhiwa, milimita chache huweza kuchukua wiki kadhaa, hata miezi. Nyuzijoto 37 husaidia kuharakisha. Kinachowaumiza wageni huja baadaye, wanapotaka kuongeza kingamwili, protini zinazonasa kitu fulani ndani ya seli ili kionekane. Ili ziingie ndani ya seli wanatia Triton X-100, nayo ni sabuni. Inayeyusha mafuta ya utando na kuondoka na DiI. Alkoholi na zailini za kuandaa tishu iingizwe kwenye parafini, yaani nta, kabla ya kukatwa hufanya vivyo hivyo. Kata vipande kwa vibratomu, mashine yenye wembe unaotetema, usipitie parafini. Kama kingamwili hazikwepeki, tumia CM-DiI, aina ya DiI inayoshikamana na protini za seli, au dekstrani (sukari ya mnyororo mrefu iliyobeba rangi) yenye laisini, ambayo formaldehidi huifunga mahali pake. Dekstrani lakini hutiwa neuroni ikiwa hai, kisha unaipa muda isafiri kabla ya kuhifadhi.

Kwa rangi za viini vya seli mambo ni mepesi. Hoechst 33342 huingia seli hai bila shida. DAPI huifaa zaidi tishu iliyohifadhiwa. Propidiamu iodidi haivuki utando usiotoboka, kwa hiyo ukiiona inawaka kwenye seli ulizodhani ziko hai, usiifurahie picha: utando wake umeharibika.

Sasa ndiyo uje kwenye rangi ya mng'ao. DAPI husharabu mwanga wa nanomita 358 na kutoa wa 461; DiI ni 549 na 565. Hizo huishi pamoja vizuri. DiI na rodamini, rangi nyingine inayong'aa karibu na hapohapo, hapana: kichujio cha mwanga cha hadubini hakitazitenganisha.

Mimi siangalii picha ya mtu asiye na kipande kisichotiwa rangi, kilichopigwa kwa mipangilio ileile. Neuroni za mnyama mzee zina lipofusini, takataka za seli zinazolimbikizana kwa umri, inayong'aa yenyewe karibu kwenye kila kichujio. Madoa yake yanafanana mno na "seli zilizopokea rangi", hasa usiku ukiwa umechoka na unatamani jaribio liwe limefaulu.