Maswali na Majibu: Kabla Hujanunua Pistoni Nyingine

Maswali ya safari hii yanahusu ndege ndogo za kiti kimoja au viwili zinazoendeshwa na injini za Rotax za mipigo miwili, hasa 582 na 503. Kama kawaida, wengi wameeleza kilichovunjika, na wachache mno wameeleza injini ilikuwa ikifanya nini kabla ya kuvunjika. Anayeuliza bila kutaja joto la moshi wa ekzosi, mwinuko wa uwanja wake na saa za injini ananitaka nipige ramli.

Ndege yangu ina Rotax 582 na makazi yake ni Nanyuki. Nilipoipeleka Malindi, silinda moja ilinoki, yaani pistoni ilichubuka na kukwama ndani yake. Fundi aliweka pistoni na ringi mpya, na baada ya saa chache silinda ileile ikanoki tena. Je, hizi pistoni za bei nafuu ndizo mbovu?

Inawezekana, lakini pistoni ni ya mwisho katika orodha ya washukiwa. Nanyuki iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi, na kabureta iliyorekebishwa kwa hewa hiyo huwekewa jeti (kitundu cha kupimia petroli) ndogo. Ukishuka pwani kwa jeti hizohizo, hewa nzito inaingia kwa wingi huku petroli ikibaki pungufu, joto la mwako linapanda na, kwa anayechanganya oili na petroli tangini, oili nayo inapungua pale inapohitajika zaidi. Mtengenezaji ametoa jedwali la kuchagua jeti kuu kulingana na mwinuko na joto la hewa. Sijui kwa nini jedwali hilo halionekani katika karakana zetu.

Hata hivyo, jeti ndogo ingeziumiza silinda zote mbili. Silinda moja kurudia mara mbili ni habari nyingine, kwa sababu katika injini hii kila silinda ina kabureta yake na chumba chake cha krenki, yaani mhimili unaozungushwa na pistoni. Kagua mpira unaounganisha kabureta ya upande huo na injini, kwani mpira huo hupasuka kwa ndani ambako macho hayafiki mpaka uukunje. Kagua sili ya krenki ya upande huo, ile ya kuzuia uvujaji, na jeti yenyewe isije ikawa imezibwa na uchafu. Kisha ziba matundu yote ya silinda, jaza hewa ya shinikizo dogo na utazame kama geji inashuka. Kipimo hiki ni cha kazi ya mchana mmoja, nacho kingekuokolea pistoni ya pili.

Na pistoni ya kwanza iko wapi? Pistoni husomeka. Michubuko iliyojaa upande wa ekzosi, au tundu kichwani, hueleza joto kali na petroli pungufu. Michubuko ya sehemu nne zilizopangana hueleza pistoni iliyotanuka upesi kuliko silinda. Michubuko ya kuzunguka pande zote, ule wa kuingizia hewa ukiwemo, hueleza ukosefu wa oili. Fundi aliyeitupa bila kukuonyesha amekutupia ushahidi. Ulizia pia kama aliifungua na kuisafisha krenki, maana chembe za alumini kutoka kwenye pistoni iliyonoki huteremka moja kwa moja hadi kwenye beringi zake. Mwisho, funga geji ya joto la ekzosi kwa kila silinda. Kikomo ni nyuzi 650 za Selsiasi, na tofauti kati ya silinda moja na nyingine isizidi nyuzi 25. Ndege ya silinda mbili yenye geji moja humficha rubani nusu ya habari.

Hapa Kilifi oili ya mashine za boti inapatikana kila duka. Je, naweza kuitumia kwenye 503?

Hapana. Swali hili huja karibu kila mara na jibu halijabadilika. Oili ya boti imetengenezwa kwa injini inayopozwa kwa maji ya bahari, na 503 hupozwa kwa hewa na hufanya kazi katika joto la juu zaidi. Nunua oili ya mipigo miwili yenye daraja la API-TC, uichanganye sehemu 1 kwa sehemu 50 za petroli, na upime kwa chombo chenye alama. Kukisia kwa macho hakuruhusiwi.

Nilikuwa nateremka kwa muda mrefu huku nimepunguza moto, yaani nguvu ya injini, hadi mwisho. Nilipoongeza ghafla ili nizunguke tena uwanja, 582 ilikwama. Baada ya kupoa ilizunguka kwa mkono kama kwamba hakuna kilichotokea. Je, naweza kuendelea kuruka?

Usiruke. Injini yako imenoki kwa baridi, na kuzunguka tena si dalili ya afya. Wakati wa kuteremka, maji ya kupozea injini yaliyomo kwenye rejeta hupoa sana. Ukiongeza moto ghafla, pistoni hupata joto na kutanuka mara moja, huku maji baridi yakiendelea kuibana silinda. Nafasi kati yao ni ndogo mno, nayo huisha. Ukifungua utakuta ile michubuko ya sehemu nne niliyoitaja hapo juu, na pistoni hiyo haifai kusuguliwa kwa msasa na kurudishwa, ingawa najua wapo wanaofanya hivyo.

Hakikisha thamostati, ile vali inayodhibiti joto la maji, ipo na inafanya kazi, kwa kuwa kuna mafundi wanaoing'oa wakiamini kwamba nchi ya joto haiihitaji. Maji yawe kati ya nyuzi 65 na 75, na yasipite 80. Katika kuteremka, acha moto kidogo na uongeze mara kwa mara. Nami naongeza jambo ambalo hukuuliza: kitabu cha Rotax chenyewe kinaonya kwamba injini hii, kwa jinsi ilivyoundwa, yaweza kuzimika ghafla, na kwamba usiruke mahali ambapo huwezi kutua salama bila injini. Wanaopita chini juu ya mikoko au minazi ili wapige picha wakisome upya.

Nimepata 582 ya mwaka 2012 yenye saa 90 tu. Muuzaji anasema ni kama mpya. Nichukue?

Mtengenezaji anataka injini hii ifanyiwe matengenezo makubwa kila saa 300 au kila miaka 5, lolote litakalotangulia. Kwa hiyo muda wa injini hiyo ulikwisha zamani, hata kama kitabu chake kinaonyesha saa chache. Tena injini ya mipigo miwili iliyokaa hupata kutu kwenye beringi za krenki, hasa pwani, kwa sababu hakuna oili iliyotuama mle ndani ya kuzilinda. Krenki yenyewe imeunganishwa kwa kushindiliwa, na karakana ya kawaida ya kuchonga vyuma haiwezi kuitengua na kuinyoosha. Toa bei ya krenki mpya, sili, pistoni na usafirishaji kutoka katika bei anayotaka. Kinachobaki ndicho cha kumpa.

Je, nitumie petroli ya ndege au ya kituo cha mafuta?

Petroli safi ya gari yenye oktani ya kutosha inafaa zaidi, kwani petroli ya ndege, iitwayo 100LL, ina madini ya risasi yanayoganda kwenye nafasi za ringi. Ukilazimika kutumia 100LL, fungua na usafishe mapema kuliko ratiba.

Nimechoka na mipigo miwili. Nataka kung'oa 582 na kuweka Rotax 912 ya mipigo minne. Nianzie wapi?

Anzia kwenye mizani. Ikiwa imefungwa na rejeta na ekzosi yake, 912 huongeza kilo 20 hivi au zaidi, tena puani, na ndege iliyobuniwa kwa injini nyepesi huenda isiwe na mkia wa kuzisawazisha kilo hizo. Muulize mtengenezaji wa ndege kwanza. Akikubali, utahitaji viegemeo vipya vya injini, propela nyingine na idhini ya mamlaka ya usafiri wa anga, yaani KCAA kwa Kenya au TCAA kwa Tanzania, kabla spana haijagusa boliti. Akikataa, hakuna fundi wa kukusaidia. Faida ni kubwa, kwa kuwa 912 za sasa hufikia saa 2,000 kabla ya matengenezo makubwa, lakini gharama yake yaweza kupita thamani ya ndege yote. Kwa wengi, 582 iliyofunguliwa na kurudishwa upya kwa kufuata kitabu ndiyo njia ya busara.

Kile kichupa cha oili ya vali ya mzunguko kwenye 582 yangu kinapungua kila wiki. Natumia oili gani kukijazia?

Usikijazie na kuendelea kuruka. Oili hiyo hulainisha gia na shafti ya vali inayoingiza hewa na petroli, nayo haichomwi kama ile ya kwenye petroli; ikipungua, sili ya shafti imechoka na oili inavujia ndani ya krenki au nje. Ikigeuka rangi ya maziwa, maji ya rejeta yamekwisha kuingia. Badilisha sili, kagua shafti kama imechimbika, kisha uandike kiwango cha oili kabla ya kila safari.