Wadogo zangu wa saketi, acheni kwanza hiyo sproketi

Jumamosi iliyopita pale Brands Hatch, saketi ya mbio huku Uingereza, hata saa mbili asubuhi haijafika, nilikuta pikipiki tatu za kundi la wanaoanza ziko juu ya stendi, magurudumu ya nyuma yamelazwa chini, wenyewe wamechuchumaa wanabadilisha sproketi, yale magurudumu ya meno yanayobeba cheni. Nikamuuliza mmoja sababu. "Kaka, kila mtu anasema toa jino moja mbele, ongeza mawili nyuma." Hajazunguka hata raundi moja! Nimekaa nalo rohoni wiki nzima, ndiyo maana naandika.

1. Anza na meno ya kiwandani. Yamaha R6, pikipiki ya wengi wenu, inakuja na 16/45: meno 16 mbele, 45 nyuma. Gawanya 45 kwa 16, unapata 2.81. Ukifunga 15/47 unapata 3.13: mvuto umepanda kwa asilimia 11 hivi, na kasi ya kila gia imeshuka kwa karibu asilimia 10. Dereva wa boda kule Lushoto analijua hili bila kikokotoo. Anaongeza meno nyuma kwa sababu anaujua mlima unaomshinda na uzito wa mzigo wake. Wewe mlima wako ni upi? Kama huwezi kuniambia unatoka kona ya Druids na gia ya ngapi, RPM (mizunguko ya injini kwa dakika) ngapi, basi unakunywa dawa kabla ya kupimwa. Wengi wenu nawasikia kwa masikio tu: mnatoka kwenye kona injini iko 7,000, na R6 haijaamka mpaka ipite 10,000. Shuka gia moja. Haigharimu kitu.

2. Jino moja la mbele ni sawa na kama matatu ya nyuma. 15/45 na 16/48 zote ni 3.0 kamili. Ukitaka kurekebisha kidogo kidogo, gusa ya nyuma. Na ya mbele ikiwa ndogo, cheni inajikunja zaidi na kuchakaa mapema.

3. Chagua kwa ajili ya kona zinazokutupa kwenye sehemu ndefu zilizonyooka. Hutaki kufika kwenye limita, pale injini inapozuiwa isizunguke zaidi, ukiwa bado umelala, goti chini, huna nafasi ya kupandisha gia. Brands Indy, ile njia fupi ya Brands Hatch, ni kama kilomita 1.9 tu, na kwa meno ya kiwandani gia ya sita huigusi. Saketi ya Snetterton ni kilomita 4.8 na ina Bentley Straight, sehemu ndefu iliyonyooka. Meno yanayokufaa Brands yatakuchosha Snetterton, kwa hiyo usinakili namba ya mtu kabla hujamuuliza aliitumia saketi gani.

4. Cheni. Hili nitalisema kwa urefu, mnivumilie.

Mwaka wangu wa pili nilikuwa naenda saketi ya Cadwell Park. Usiku wa kuamkia siku hiyo nikatoa 45 ya nyuma nikafunga 48, cheni ile ile. Kila jino unaloongeza linaivuta ekseli mbele kama milimita 4, kwa hiyo nilihitaji 12. Ekseli yangu haikuwa na 12. Ikagota. Nikapima ulegevu pikipiki ikiwa kwenye stendi, haina mtu juu, nikapata kama sentimita moja. Nilijua ni kidogo. Ilikuwa saa sita usiku, nimechoka, nikasema itatosha.

Asubuhi nyuma ilikuwa ngumu, inarukaruka kila penye matuta. Nikalaumu upepo wa tairi. Nikalaumu shokapu, nikalegeza kliki mbili, nikarudi tena. Cheni sikuigusa, kwa sababu kuigusa ilikuwa kukubali nilichofanya usiku.

Zamu ya tatu ya kuingia saketi. Pale chini ya Mountain, kile kilima kikali cha Cadwell, kabla ya kupanda, shokapu inabonyea sana. Shokapu inapobonyea, ekseli inasogea mbali na sproketi ya mbele, na cheni isiyo na ulegevu haina pa kwenda isipokuwa kuivuta shafti ya gia, ile inayobeba sproketi ya mbele. Sili yake ikaachia. Oili ikamwagika, mimi nikapita bila kujua. Aliyekuwa nyuma yangu ndiye aliyeanguka, kwenye kona za Hall Bends zinazofuata. Bendera nyekundu, mamarshali wanamwaga unga wa saruji barabarani, na yeye amekaa kwenye nyasi ameushika mkono. Mtulinga ulivunjika.

Fundi mmoja wa padoki, kule tunakoegesha na kutengeneza pikipiki, alitukalisha watu watatu juu ya pikipiki yangu, akaigusa cheni kwa kidole. Ilikuwa imekaza kama uzi wa udi. Hakunigombeza. Yule kaka nilimfuata hospitali jioni nikamweleza kila kitu, hata ile saa sita usiku. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniambia niende nyumbani nikailegeze.

Kwa hiyo, wadogo zangu: kalisheni watu juu ya pikipiki mpaka sproketi ya mbele, boliti ya swingamu (mkono unaoshika gurudumu la nyuma) na ekseli vikae kwenye mstari mmoja. Hapo ndipo cheni inapokaza kuliko popote, na hapo lazima ibaki na ulegevu. Mkiongeza meno, nunueni cheni ndefu kisha mkate pingili zilizozidi.

5. Mengine ni mafupi. Mkihamia cheni ya saizi 520, nyembamba kuliko 525, sproketi zote mbili ziwe za 520. Nati ya mbele ifungwe kwa spana ya toki, inayopima nguvu ya kukaza, na washa yake ikunjwe. Kama spidi ya dashibodi yenu inasomwa kwenye gia, mkibadilisha meno inadanganya. Badilisheni kitu kimoja kwa siku, mwandike.

Mwezi ujao niko Snetterton. Mwenye R6 ya cheni ya 525 anayetaka kujaribu sproketi ya nyuma ya meno 46, ninayo moja kwenye sanduku, bado nzuri. Aje na karatasi yenye gia na RPM za kila kona, ndipo tufungue gurudumu.