Renti ya maduka nayo ni deni? Na hii ya mwaka mmoja mbona imeruka hivi?

SWALI: Habari mwalimu. Niko na hisa kidogo za kampuni ya supamaketi, nilinunua polepole na pesa ya chama. Ripoti ya mwaka imetoka na nimeshtuka, madeni ya kulipwa ndani ya mwaka mmoja ni bilioni 4.1 na mali za muda mfupi ni bilioni 3.2 tu. Mikopo ya benki ya muda mfupi ilikuwa milioni 300 mwaka jana, saa hii ni 900. Halafu kuna kitu inaitwa madeni ya lisi, milioni 400 huku na bilioni 2.6 kule chini. Kwani renti imekuwa mkopo lini? Niuze? — Msomaji, Umoja

JIBU: Dada usiuze kwa hasira, tulia kwanza. Hiyo ya madeni kuzidi mali peke yake isikutoe jasho, juu supamaketi ndivyo inavyoishi: wewe mteja unalipa na M-Pesa papo hapo, mwenye unga anangoja siku 60, wakati mwingine 90. Kwa ile bilioni 4.1, ukitoa benki na lisi (mikataba ya kukodi maduka), inabaki 2.8, na nyingi yake huwa ni ya wasambazaji. Hao wanazungushwa. Shida inaanza siku wakichoka kuzungushwa na rafu zikaanza kuwa na mapengo, na hiyo utaiona kwa macho ukiingia dukani kabla haijafika kwa ripoti.

Mimi ningekaa sana kwa ile 900. Fungua maelezo ya mikopo, zile kurasa za nyuma watu huruka, uone imetoka wapi. Inaweza kuwa ni mkopo wa miaka mitano umebakisha mwaka wa mwisho, sasa umehamia upande wa muda mfupi na hakuna mtu amekopa shilingi mpya. Inaweza kuwa ovadrafti, yaani Fuliza ya wakubwa, na kampuni inayolipa mishahara na ovadrafti kila mwezi hiyo ni ya kuangalia vizuri. Na kuna ile mbaya zaidi, kampuni imevunja masharti ya benki kabla mwaka wa hesabu haujafungwa na benki haikuwa imekubali kuvumilia, hapo mkopo mzima unahesabiwa ni wa muda mfupi ata kama ulikuwa wa kulipwa 2031. Tangu 2024 sheria za hesabu zinataka kampuni ieleze masharti ya aina hiyo kwa mikopo ya muda mrefu iliyo hatarini kudaiwa ndani ya miezi 12, kwa hivyo tafuta hayo maelezo.

Sasa renti. Zamani ilikuwa inaandikwa tu kama gharama ya mwaka na deni la mbele halionekani. Kuanzia 1 Januari 2019, na IFRS 16, ile sheria ya kimataifa ya hesabu za mikataba ya kukodi, mkataba wa zaidi ya miezi 12 unaingia kwa mizania (ile orodha ya mali na madeni) kama deni, isipokuwa vitu vya thamani ndogo. Milioni 400 yako ndiyo sehemu ya mwaka huu, 2.6 ni ya miaka inayofuata. Lakini angalia ujanja uliomo: duka ambalo mkataba wake umebakisha mwaka mmoja linaonyesha deni dogo, la miaka kumi linaonyesha kubwa, na mimi afadhali huyo wa miaka kumi kuliko yule ambaye landlodi anaweza kumpandishia bei mwakani. Pia uliza kama renti ni ya dola. Walioandika hivyo walilia Januari 2024 dola ilipopita shilingi 160.

Na usidanganyike na ile pesa biashara yenyewe imeingiza, kwa taarifa ya mtiririko wa fedha, juu siku hizi sehemu kubwa ya renti haitolewi hapo, imehamishiwa chini, kwa kundi la kulipa mikopo. Tuseme wameandika bilioni 1.1 na riba imeshatolewa. Toa milioni 380 ya lisi, inabaki 720. Toa 300 ya kurekebisha maduka, 420. Ongeza 250 iliyo benki, ni 670, na wanadaiwa 900. Pengo la milioni 230, hiyo ndiyo unatafuta itatoka wapi, maelezo huwa yanasema benki imewaachia nafasi gani ambayo hawajatumia.

Usidhani landlodi ni mpole kuliko benki. Nakumatt, ile supamaketi kubwa ya Kenya iliyoanguka, iliwekwa chini ya msimamizi Januari 2018, lakini 2017 landlodi wa moli walikuwa wameshaanza kuwatoa, na waliowakopesha kwa komasho pepa, yaani hati za mkopo wa muda mfupi ambazo kampuni huuzia wawekezaji, hawakuwa na dhamana yoyote mkononi.

Wewe ni mwenye hisa, una haki ya kuuliza kwa mkutano wa mwaka. Uliza hivi tu: hiyo 900 inalipwa mwezi gani, na maduka mangapi mikataba yao inaisha kabla ya Desemba? Wakikujibu na hotuba ya maono ya kampuni, niandikie tena.