Kabla hujaangusha bodi yako, tazama inapoangukia

Juzi kijana mmoja ameniandikia: "Kaka, nimetengeneza kifaa cha kufuatilia pikipiki, nimekiangusha toka mezani mara ishirini na bado kinawaka. Niuze?" Usiuze kwanza, mdogo wangu. Nami nilianza hivyohivyo.

Vyangu vya kwanza vilirudi 11 ndani ya miezi miwili. Mteja alivimwaga mezani mbele ya vijana wangu, akasema nimemuuzia takataka. Kauli ile inaniuma mpaka leo. Usiku nikaweka bodi moja, yaani kile kibao chenye saketi ya kifaa, chini ya lenzi: lehemu kwenye mguu wa kapasita kubwa, kipande kinachohifadhi chaji ya umeme, ilikuwa na ufa mwembamba kama unywele, umeuzunguka mguu mzima. Ukiibonyeza kwa kidole kifaa kinawaka, ukiachia kinazima.

Ndipo nikajenga mashine ya kuangusha bodi kwa kishindo kinachopimika. Reli mbili zilizosimama, meza nzito ya alumini inayobeba bodi na kuteleza juu yake, na kitako cha chuma kilichozamishwa kwenye zege. Kimo kinakupa kasi tu: mita 1.1 ni kama mita 4.6 kwa sekunde. Ukali wa kishindo unatokana na muda ambao meza inatumia kusimama, na muda huo unaupanga kwa unachotandika juu ya kitako. Chuma kwa chuma kilinipa, kwenye kipimamchapuko (kihisi kinachopima ukali wa kishindo), mchoro uliojaa miiba. Nikatandika felti, nikaongeza, nikapunguza, wiki tatu nzima, mpaka likatokea tuta moja laini: g 1,500 (yaani mara 1,500 ya mchapuko wa mvutano wa dunia) kwa nusu milisekunde, kama kiwango cha JEDEC, shirika la viwango vya elektroniki, cha bodi za vifaa vya mkononi kinavyotaka.

Kipimamchapuko kifunge kwa skrubu. Mimi nilikibandika kwa selotepu nikajidanganya siku kadhaa. Usinunue kinachoishia g 16, wala kinachosoma mara 1,000 kwa sekunde. Kishindo kitapita katikati ya nukta mbili. Na weka breki ya kuidaka meza ikiruka, la sivyo itapiga tena na hutajua pigo lipi limevunja bodi.

Wahandisi wenzangu, tuache kuuza matumaini. Mwenye bodaboda analipa kwa jasho, na mashimo ya barabarani hayamwonei huruma.

Jumamosi bodi yangu mpya, kapasita ikiwa imelazwa na kushikwa kwa gundi, imepigwa mara 30 na ikaendelea kuwaka. Kijana nimemwambia alete zake tano, tuzipige mpaka zife.