Mume wangu amenishonea nguo ya safari ya jahazi, nami hata pantoni sipandi

Shikamoo Shangazi. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nina miaka 29, naishi Kigamboni na mume wangu na mtoto wetu mmoja. Mume wangu ana marafiki watatu aliosoma nao sekondari, wote wameoa. Wamepanga mwezi wa saba tukodi jahazi, jozi nne za wanandoa, twende Unguja kwa tanga tukaone Mwaka Kogwa, sherehe ya mwaka mpya wa jadi, kule Makunduchi. Jioni ya mwisho kutakuwa na usiku wa mavazi kwenye nyumba tutakayopanga ufukweni: wanaume wavae kama Sultani, sisi wanawake tuvae kama masuria wake. Sijawahi kusema nitakwenda. Wiki iliyopita fundi cherehani akanipigia simu, "Mama, njoo ujaribu nguo yako ya safari." Nguo gani? Nikakuta sketi nyekundu ya kung'aa na blauzi inayoishia juu ya kitovu. Kumbe mume wangu alichukua gauni langu kabatini akampelekea fundi apime, na mchango wetu wa laki sita alishalipa kitambo. Mwenyekiti wa kundi letu la wanawake, mke wa rafiki yake, ananiambia nisiwaharibie hesabu. Nimetoa sababu nyingi na hakuna inayosikilizwa: shule itakuwa imefunguliwa, mama anaumwa Korogwe, mtoto hana wa kubaki naye, kipandauso, tarehe zangu, nguo inanibana. Je, nijifanye mgonjwa asubuhi ya safari?

Ni mimi, Mke wa Nahodha wa Nchi Kavu.

NB: Mwaka 2011 nilikuwa kidato cha pili, nakaa Unguja kwa mama mdogo. Ilipozama meli ya Spice Islander nilikwenda naye viwanja vya Maisara, miili ilikopelekwa, kumtafuta wifi yake. Tangu siku hiyo chombo cha majini sipandi. Kazini nazunguka darajani. Mume wangu anadhani nakimbia foleni ya Feri.

*

Marahaba mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza niliianzia juu kama watu wote, nikamkasirikia mumeo. Mara ya pili niliianzia chini, kwenye hiyo NB, nikakukasirikia na wewe kidogo. Kwa hiyo tuanzie huko huko chini.

Sababu ulizompa mumeo nimezihesabu, ni sita. Kuna shule, kuna mama, kuna mtoto, kuna kichwa, kuna tarehe, kuna nguo. Bahari haimo. Umezunguka kijiji kizima ukabisha hodi kila mlango, isipokuwa mlango wa nyumba uliyokuwa unaiendea. Sasa kaa upande wa mumeo uone anachokiona yeye: mke ambaye wakitajwa rafiki zake, kichwa kinamuuma. Akisema jahazi, mama mkwe anaugua. Mimi ningekuwa yeye ningesema huyu hawataki watu wangu, basi. Na mwanaume akishaamini hivyo, huacha kuuliza na kuanza kupanga kimya kimya. Sisemi alikuwa na haki, nitamfikia. Nasema tu kwamba nyumbani kwenu wanaofichana ni wawili.

Nami si mtakatifu katika hili. Niliwahi kufanya kazi katika jengo refu pale Posta, ghorofa ya saba, na mimi na lifti hatuelewani. Mlango ukijifunga tu, pumzi inakata. Kwa miaka mitatu nilipanda ngazi nikisema daktari kanishauri mazoezi. Nafika juu gauni limelowa mgongoni, wenzangu wananisifu, "Dada unajitunza!" Mmoja akaanza kupanda na mimi ili naye apungue mwili, nikalazimika kumsindikiza hata siku niliyokuwa na homa. Siku niliposema ukweli walicheka kama dakika tano hivi, halafu mmoja akanikabidhi ufunguo wa chumba kilichokuwa wazi ghorofa ya kwanza. Miaka mitatu, mwanangu, nilikuwa nakipita kila asubuhi nikihema.

Wewe unaamka saa kumi alfajiri uwahi Upanga au Posta au kokote unakofundisha, wakati kutoka Kigamboni kufika Magogoni kwa pantoni ni dakika chache tu, ukiacha foleni. Lile daraja lilipofunguliwa Aprili 2016, wenzako wa Kigamboni walifurahia njia ya magari. Wewe ulipata pa kujifichia.

Sasa nisikilize vizuri kuhusu hofu yenyewe, maana naona unaionea haya ndiyo maana umeiweka chini ya sahihi. Msichana wa kidato cha pili aliyesimama Maisara na mama yake mdogo, wanatafuta sura ya mtu wao, hakuwa na sababu ya kuipenda bahari siku iliyofuata. Spice Islander ilizama usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 ikienda Pemba, imejaza watu na mizigo kupita kiasi. Hata mwaka haujatimia, tarehe 18 Julai 2012, ikazama Skagit karibu na Chumbe, ikitoka hapa hapa Dar kwenda Unguja, bahari imechafuka kwa upepo. Umeona njia hiyo? Umeona na mwezi? Ndiyo njia mnayotaka kuipita, na ndio mwezi mliouchagua. Kwa hiyo asije mtu akakwambia unaogopa vivuli.

Tena wanaume wanne waliosoma pamoja sekondari, ambao nina hakika hakuna hata mmoja aliyewahi kuvuta kamba ya tanga, ningependa wajibu maswali mawili matatu. Mwezi wa saba ni kusi, upepo wa kutoka kusini. Kusi hukusukuma kwa nyuma ukienda Unguja, chombo kinateleza, watu wanapiga picha na kuimba. Kurudi je? Kurudi Dar na kusi usoni ni kupiga bisho, kushoto na kulia siku nzima, maji yanaingia juu ya ubao, na waliokuwa wakiimba juzi sasa wameinama pembeni wanatapika. Hayo si maneno ya kukutisha. Muulizeni nahodha yeyote anayebeba mizigo kwenye gati la majahazi. Msimu huo Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa tahadhari mara kwa mara, upepo wa kilomita 40 kwa saa, mawimbi ya mita mbili. Je, wameuliza chombo kina leseni ya kubeba abiria ya TASAC, wale wanaosimamia vyombo vya majini, au ni jahazi la mkaa na mbao lililofagiliwa? Maboya ya kuvaa yapo manane na ya mabaharia juu yake, au yapo matatu yamefungwa kwa kamba chini ya magunia? Laki sita kwa kila nyumba, mara nne, si pesa ya kununua giza.

Mume wako sasa. Kuchukua gauni la mke kabatini kwenda kumpimia nguo nyingine ni jambo ambalo lingekuwa zuri sana kama lingekuwa la kumshtukiza siku ya Idi. Kulifanya ili kumfunga mtu kwenye safari aliyoikwepa mara sita ni ujanja wa kitoto. Alijua kabisa kwamba ukishashonewa utaona aibu kukataa. Na laki sita za nyumba yenye mtoto hazitoki bila mama wa nyumba kujua. Mwambie hivyo hivyo, kwa sauti ya kawaida, ila usianze na hilo. Ukianza na pesa mtamaliza na pesa.

Hilo la masuria sitalipitia juu juu, ingawa wewe umelitaja kama vile ni rangi ya sare tu. Suria hakuwa mke mdogo wala mcheza ngoma wa jumba la kifalme. Alikuwa mwanamke mtumwa, ameingia ndani ya nyumba kwa bei au kwa kuzawadiwa. Soko la watumwa la Mkunazini lilifungwa mwaka 1873, na kanisa kuu la Waanglikana likajengwa papo hapo. Utumwa wenyewe ukaondolewa kisheria Unguja mwaka 1897, lakini masuria wakaachwa nje ya sheria ile mpaka 1909. Yaani walikuwa wa mwisho kuachiwa. Kule mnakokwenda wapo watu ambao bibi wa bibi yao alikuwa mmoja wao, na pengine ndiye mwenye nyumba mnayoipanga. Halafu wanne wenu mshuke na vitovu nje mkicheza mchezo huo, mwalimu ukiwemo, na picha zifike Instagram kabla hamjarudi, wazazi wa darasa la nne wazione! Hapana. Nguo hiyo ikatae bila kuomba radhi, hata kama ungekuwa unapiga mbizi kama pomboo.

Na kama huyo mwenyekiti wenu anataka mavazi, Makunduchi yapo tayari. Siku ya Mwaka wenyeji huvaa vipya. Wanawake hutoka wamependeza wakizunguka wakiimba, na mafumbo yao yana wenyewe. Wanaume wa upande mmoja na wa upande wa pili wanatandikana kwa vigogo vya migomba mpaka kinyongo cha mwaka mzima kimewatoka, kibanda cha makuti kinachomwa moto, kisha watu wanakula. Mgeni anakaribishwa kwa moyo kweli, kwa sababu nyumba kukosa mgeni siku hiyo haipendezi. Mgeni huyo anatosha na doti mpya ya kanga. Jina la kanga chagua mwenyewe, wala usinitumie picha.

Umeniuliza ujifanye mgonjwa. Usijifanye. Kwanza kipandauso umeshakitumia. Pili, ukiugua asubuhi ya safari, mumeo atabaki nyumbani kukuuguza huku laki sita zinaondoka na kusi, na hapo mtakuwa na ugomvi wa mwaka ambao hata migomba ya Makunduchi haitautoa. Au ataondoka akuache, nalo litakuumiza zaidi.

Mwambie leo usiku. Si kwa meseji, na si mbele ya rafiki yake yeyote. Mtoto akishalala, kabla hajashika simu kuangalia mpira, kaa naye barazani umwambie: "Siogopi rafiki zako. Naogopa bahari. Pantoni sijapanda tangu nikiwa kidato cha pili." Kisha mweleze Maisara. Usifupishe. Mwambie mlikaa saa ngapi, mama mdogo alikuwa amevaa nini, mlirudije nyumbani. Nimegundua mambo haya mtu akiyasema kwa kifupi yanasikika kama kisingizio cha saba.

Akishajua, safari haina haja ya kufa. Yeye apande jahazi kama wenzake watajibu yale maswali ya nahodha, na wewe panda ndege, ni kama dakika ishirini hewani. Mkutane mjini, mshuke pamoja Makunduchi kwa gari. Kama nauli ya ndege haipo, basi Mwaka ujao upo, wanakoga kila mwaka. Usikubali mtu akwambie boti ya mwendo kasi ni salama kwa hiyo huna sababu. Wewe tatizo lako si boti ipi.

Kuna jambo moja ningependa mlifanye, siku yoyote ya Jumapili, wala halihusiani na Julai. Nendeni wawili mpaka Magogoni, kwa kuzunguka darajani kama ulivyozoea. Nunueni samaki wa kukaanga pale sokoni Feri, mkae mahali mnapoiona pantoni. Iangalieni ikija, ikishusha watu na baiskeli na matenga ya machungwa, ikipakia, ikiondoka. Mara tatu. Halafu mrudi nyumbani kwa daraja lile lile. Akikuvuta mkono kusema "twende tu, ni dakika chache," mwambie Shangazi amekataa. Siku ukitaka kupanda utapanda, na usipotaka, daraja halihami.

Mwenyekiti wa kundi usimjibu kitu. Mumeo ndiye aliyempa hesabu ya watu wanane, naye ndiye atakayemrudishia.

Kuhusu fundi, mpigie kesho asubuhi umwambie asitie hata uzi mmoja zaidi. Ujira wake mlipe, hana kosa. Kitambaa kikishakatwa hakirudi dukani, lakini sketi kama hiyo lazima imekula mita tatu, na nyekundu ya kung'aa haifai kanisani wala msikitini. Pazia la jikoni, labda.